Pacha Asiye na Herufi P

Nissan ilipotoa Skyline 2000 GT-R mnamo Februari 1969, iliwaachia wakaguzi wa magari kazi ambayo haijaisha hadi leo. Ilichukua gari la kawaida la familia, ikalitia injini yenye nasaba ya mashindano, na kwa nje ikaacha karibu kila kitu kama kilivyokuwa. Hapakuwa na bawa la nyuma wala pua ndefu. Jirani angeweza kupita kando yake asubuhi akaenda zake, akidhani ni ile Skyline ya karani wa benki.

Injini hiyo iliitwa S20. Ilikuwa na silinda sita kwa mstari, ujazo wa sentimita za ujazo 1,989, kamshafti mbili juu, vali nne kwa kila silinda, kabureta tatu aina ya Solex zilizotengenezwa na Mikuni, na nguvu za farasi 160. Asili yake ni injini ya R380, gari la mbio la kampuni ya Prince, ambayo Nissan iliungana nayo mwaka 1966. Skyline 2000 GT ya kawaida ilibeba injini ya L20. Hiyo nayo ilikuwa na silinda sita na ujazo karibu uleule, lakini kamshafti moja, kabureta moja, na farasi 105. Boneti ikifungwa, tofauti hii haionekani. Ikifunguliwa, hata asiye fundi ataiona.

Oktoba 1970 ikaja GT-R ya milango miwili, yenye vipanuzi vyeusi vilivyofungwa kwa boliti juu ya madigadi ya nyuma ili matairi mapana yapate nafasi. Kufikia 1972 magari haya yalikuwa yamefikisha ushindi wa 50 katika mbio za Japani. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni magari 832 ya milango minne na 1,197 ya milango miwili. Skyline za kawaida za kizazi hicho zilitoka kiwandani kwa mamia ya maelfu. Wapenzi wake waliibandika jina la Hakosuka kwa sababu ya umbo lake la kisanduku, na jina hilo ndilo litakalotumika humu.

Kila ninapoombwa ushauri kuhusu gari la kale la Kijapani, huuliza kwanza kama gari hilo lina pacha wa bei nafuu. Jibu la swali hilo ndilo hupima hatari ya kuuziwa feki, kuliko umaarufu wa gari au hata bei yake. Mfano mzuri ni Toyota 2000GT. Ilitengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha kati ya 1967 na 1970, na idadi yake ni 351 tu. Aprili 2013 moja iliuzwa mnadani Texas kwa dola 1,155,000, na Machi 2022 ile yenye namba MF10-10001, ambayo timu ya Carroll Shelby iliikimbiza Marekani mwaka 1968, ikapata dola 2,535,000. Kwa fedha hizo ungetarajia feki zijae mjini. Hazijajaa, kwa kuwa 2000GT haina ndugu. Hakuna Toyota ya kawaida yenye bodi ile ambayo mjanja angeinunua kwa bei ndogo na kuivalisha. Anayetaka nakala hana budi kutengeneza kila bati kuanzia mwanzo, kazi ya miaka na ya fedha nyingi, na akishaimaliza hujigamba kwamba ameijenga mwenyewe. Kule Okazaki, karakana ya Rocky Auto ilijenga nakala zake ikaziita Rocky 3000GT. Jina lenyewe linatangaza kwamba ndani mna injini nyingine. Hata Toyota wana nakala yao: gari lililovunja rekodi za mwendo katika uwanja wa Yatabe mwaka 1966 halipo tena, na linaloonyeshwa mahali pake lilijengwa upya. Hakuna anayelia kwamba katapeliwa.

Kwa Hakosuka mambo ni tofauti kabisa. Pacha yupo, tena kwa wingi, na mavazi ya GT-R yanauzwa madukani: grili, nembo, vipanuzi vya madigadi, usukani, viti. Fundi bodi mwenye mikono mizuri akipewa Skyline 2000 GT ya milango miwili anaweza kuitoa gereji ikiwa GT-R machoni pa watu tisa kati ya kumi. Wauzaji waaminifu wa Japani hawafichi hilo. Hubandika kwenye kioo maneno “GT-R shiyo”, yaani gari lililovishwa kwa mtindo wa GT-R, na bei huwekwa kulingana na hilo. Balaa huanza gari linapouzwa mara ya pili au ya tatu, likavuka bahari, na kile kibandiko kikabaki bandarini.

Ukaguzi huanzia kwenye bati linalotenganisha chumba cha injini na miguu ya dereva. Hapo kiwanda kiligonga namba ya chesisi moja kwa moja kwenye chuma. GT-R ya milango miwili huanza na KPGC10. K inaonyesha bodi ya milango miwili, na P inaonyesha injini ya S20. Pacha wake ni KGC10. Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha gari la mtu wa kawaida na gari la mnadani.

Mkaguzi mzuri hana haraka ya kusoma namba. Kwanza analisoma bati. Analaza tochi ubavuni hadi mwanga utambae juu ya chuma, maana mwanga wa namna hiyo hufichua mikwaruzo ya msasa ambayo rangi imeifunika. Kisha anaweka karatasi nyembamba juu ya namba na kuisugua kwa ubavu wa penseli. Herufi zinajitokeza taratibu, na anapata nakala ya ukubwa halisi ya kulinganisha na ile ya gari lisilo na shaka: mguu wa K umeinama kiasi gani, nafasi kati ya C na 1 ni pana kiasi gani, tarakimu ipi imezama zaidi ya wenzake. Anayeghushi mara nyingi hujisaliti kwa unadhifu. Hupiga namba akiwa ametulia, kwa rula, huku kiwandani mfanyakazi alikuwa na magari mengine yanayomsubiri.

Wapo wajanja wasiogonga kitu. Hutafuta GT-R iliyooza au iliyopinda mbioni, wakakata kipande kizima cha bati chenye namba na kukipachika kwenye KGC10. Hapo namba ni ya kweli kabisa na karatasi ya penseli haitasema lolote. Ndiyo maana mkaguzi huingia ndani ya gari, akalala chali chini ya dashibodi na kulitazama bati hilo kwa upande wa pili. Kiwanda kiliunganisha mabati kwa nukta nukta za kulehemu zilizopangika. Mshono mrefu uliosagwa, rangi ya kuzuia kutu isiyofanana na ya jirani yake, au tabaka jipya la lami mahali pasipohitaji lami, vyote vinaeleza kilichotendeka. Watu wa rangi huwa hodari sana upande unaoonekana.

Baada ya hapo huja madogo madogo. Tangi la mafuta la GT-R lilikuwa la lita 100. Redio na hita havikuwa vifaa vya kawaida. Kwenye Skyline ya kawaida mkunjo wa bati ubavuni hupita juu ya gurudumu la nyuma na kulifunika kidogo. Kwenye GT-R mkunjo huo umekatwa. Dalili hizi ni nzuri kwa kumkamata mvivu. Haziwezi kumkamata aliyesoma vitabu vilevile ulivyosoma wewe.

Ndipo karatasi zinapohesabiwa kuwa na uzito kuliko chuma. Mali bila daftari huisha bila habari, na gari la kale lisilo na daftari halina cha kujibu likiulizwa. Cheti cha ukaguzi wa serikali ya Japani, cheti cha kufuta usajili kilichotolewa gari liliposafirishwa, risiti za gereji za miaka ya 1980, picha ya mwenye gari akiwa kijana mbele yake: ukivipanga kwa tarehe bila pengo, umepata kitu ambacho mchoraji wa namba hawezi kukichora. Pengo la miaka kumi halimaanishi wizi, ila ni mahali pa kuuliza maswali.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mazoezi katika jambo hili kuliko wanavyodhani. Aliyewahi kuagiza gari la mtumba kutoka Japani anajua kusoma karatasi ya mnada, na anajua kwamba alama ya R ina maana gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Anajua pia kuwa mita ya kilomita hurudishwa nyuma, na kwamba namba ya chesisi kwenye cheti lazima ilingane na ile iliyo chini ya boneti, la sivyo gari litakwama bandarini. Tofauti ni kwamba kwenye Probox kosa la namba litakugharimu usumbufu, na kwenye Hakosuka litakugharimu nyumba.

Sasa swali gumu. Tuseme nakala imejengwa vizuri na mwenyewe hadanganyi. Inakosa nini? Barabarani huenda isikose chochote. Mafundi wa Japani wana mapishi yao mashuhuri: huchukua injini ya L28, ile ya magari ya Nissan Fairlady Z ya baadaye, wakaitia kranki ya injini ya dizeli ya LD28 yenye mwendo wa milimita 83 na pistoni za milimita 89, na kupata lita 3.1. Ikipata kabureta tatu kubwa na mkono wa anayejua kazi, injini hiyo huweza kukaribia farasi 300. GT-R ya kweli yenye farasi wake 160 itaona taa za nyuma tu. Nakala hiyo pia hupata spea kwa urahisi, wakati mwenye S20 hufikiri mara mbili kabla ya kupita mizunguko 6,000, maana kikivunjika kitu ndani atakitafuta nchi nzima.

Kwa hiyo bei haiwezi kuwa ya mwendo, wala ya uzuri, kwa kuwa uzuri ni uleule. Mnunuzi wa GT-R ya kweli analipia kwamba watu fulani, katika karakana fulani, mwaka 1971, walifunga injini ile katika bodi ile wakiwa na nia ya kushinda mbio. Ni bei ya ushuhuda. Wapo wanaouona huu kuwa upuuzi wa matajiri, na sina nguvu ya kuwabishia sana. Hata hivyo naona wanakosea wanaposema kwamba nakala nzuri “ni sawa tu”. Ingekuwa sawa, muuzaji asingejisumbua kugonga ile P.

Soko limejibu swali hili kwa njia yake. Mwaka 1969 Nissan ilitoa pia Fairlady Z432, ambayo ni bodi ya Fairlady Z iliyotiwa injini ileile ya S20. Tarakimu za jina lake zinahesabu vali nne kwa kila silinda, kabureta tatu na kamshafti mbili. Chesisi yake huanza na PS30, na pacha wake wa kawaida ni S30. P ileile tena. Zilijengwa 420 hivi, na toleo jepesi la mashindano, Z432R, ni chache mno. Januari 2020 moja ya hizo iliuzwa mnadani Japani kwa yeni milioni 88.55. Mwezi huohuo, Marekani, Datsun 240Z ya mwaka 1971, yaani Fairlady Z kwa jina la soko la nje, isiyo na P wala jamaa yake, gari lililouzwa kwa maelfu kwa maelfu, lilipata dola 310,000. Liliwezaje? Lilikuwa limetembea maili zipatazo 21,000 tu na halikuwa limeguswa. Rangi yake ni ya kiwanda, na hata uchakavu wake ni wa umri wake. Gari la kawaida lililoachwa jinsi lilivyo lilizishinda kwa mbali nakala zote zilizovishwa mavazi ya ndugu zake maarufu.

Katika habari hii kuna kichekesho. Miaka ya 1980 huko Marekani palikuwa na biashara ya kuzivua Datsun Z bodi zao na kuzivisha fibaglasi yenye umbo la Ferrari 250 GTO, kwa kuwa Z ilikuwa rahisi kupatikana na pua yake ni ndefu. Haikuhesabiwa kuwa gari la kuhifadhi. Leo Z yenyewe ndiyo inayoghushiwa. Watu huchukua S30 ya kawaida wakaifunga pua ya fibaglasi na vipanuzi vya madigadi ili ionekane 240ZG, toleo la Japani la miaka ya mwanzo ya 1970, ambalo kwa haki chesisi yake inapaswa kuanza na HS30.

Hapa kwetu Z ina sifa ambayo hakuna pacha anayeweza kuiazima. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z, na Shekhar Mehta akawa wa pili kwa gari kama hilo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Kampala aliyekuwa amehamia Kenya, alishinda pamoja na Lofty Drews, baada ya kufungana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800SSS. Tangu hapo, 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi na taa kubwa mbele imekuwa vazi linalopendwa na wajenga nakala katika mabara yote. Lile gari la Herrmann liko Japani mikononi mwa Nissan, ambayo klabu yake ya wafanyakazi ililifufua mwaka 2013. Ukiuziwa “gari lililoshinda Safari 1971”, basi unauziwa rangi.

Lakini hata magari halisi ya Safari yana utata wake. Gari la rali si kitu cha kuhifadhiwa kwenye pamba. Lilipogonga, madigadi yalibadilishwa usiku. Lilipovunja giaboksi, lingine lilifungwa kabla ya jua kuchomoza. Baada ya rali mengine yaliuzwa papo hapo, yakakimbizwa na madereva wa nyumbani hadi yakaisha, yakachinjwa kwa spea. Gari lililopita katika maisha hayo linaweza kuwa na namba ya kweli na nusu ya chuma chake kikawa cha baadaye, bila mtu yeyote kudanganya. Kwa magari ya aina hii napendelea mabati yenye viraka vinavyoelezeka kuliko gari linalong'aa lisilo na hadithi.

Nakala nazo zimepata kazi ya heshima hapa. Tangu 2003 kumekuwa na East African Safari Classic Rally, na Datsun Z ni kati ya magari yanayokimbia humo. Mengi yameandaliwa miaka ya karibuni kwa ajili ya mbio hizo, na hakuna ubaya. Ila mnunuzi aelewe karatasi moja inayozunguka na magari haya, nayo ni pasi ya kiufundi ya kihistoria inayotolewa chini ya FIA. Pasi hiyo inathibitisha kwamba gari limejengwa kwa kufuata vipimo na vifaa vya enzi yake. Haithibitishi kwamba gari lilikuwepo enzi hiyo. Nakala iliyojengwa sawasawa hupata pasi kihalali, kisha siku ya kuuzwa pasi ileile huinuliwa juu kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa.

Basi nakala ya Hakosuka ina thamani gani? Chukua bei ya pacha aliyetumika kuijenga, ongeza sehemu ya gharama ya kazi, kamwe si yote, kisha angalia kama mwenyewe ameandika wazi kilichofanyika. Nakala yenye faili la picha za ujenzi na namba ya KGC10 iliyoachwa bila kuguswa huuzwa kwa amani, na hata bima huikubalia kwa makubaliano ya thamani. Ile yenye namba iliyochezewa inaweza kushindwa kusajiliwa kabisa, na hapo imebaki spea tu. Zipo pia za katikati. KGC10 iliyotiwa S20 halisi ni ghali kwa sababu ya injini hiyo, ila haiwi GT-R. Na KPGC10 ya kweli iliyopoteza S20 yake na sasa inabeba L28 bado ni GT-R yenye kidonda, kwa kuwa injini ya S20 inaweza kununuliwa siku moja na bodi yenye P haiwezi kutengenezwa.

Linalobadilika sasa ni hali ya yule pacha mwenyewe. Kwa miaka mingi Skyline 2000 GT ya milango miwili ilionekana kama kitambaa kinachosubiri mshonaji. Zimekatwa nyingi mno, hata moja iliyobaki na madigadi yake ya kiwanda, mkunjo wake ubavuni, na L20 yake yenye kabureta moja imekuwa kitu cha kutafutwa. Wauzaji wa nakala wameanza kuulizwa maswali ambayo zamani hakuna aliyewauliza: injini ya mwanzo iko wapi, grili ya zamani mliitupa au iko stoo, rangi ya kiwanda ilikuwa ipi. Kuirudisha injini ni kazi ya wiki. Kuyarudisha madigadi ya nyuma kunahitaji mabati ambayo mengi yalikwenda kwenye chuma chakavu siku yalipokatwa, na mafundi wawili niwajuao wanaoifanya kazi hiyo huagiza bodi nzima iliyokufa ili wapate pande mbili tu za nyuma.